Picha za Miswada ya Beatus Zilichorwa kwa Ajili ya Nani?

SWALI: Katekista wetu alitufundisha kwamba picha za vitabu vya Kikristo vya Zama za Kati ziliwekwa kwa ajili ya wasiojua kusoma. Mbona kurasa za Ufafanuzi wa Ufunuo wa Beatus, ambazo nimeziona kwenye intaneti, zimejaa maandishi? — Msomaji, Mwanza

JIBU: Mashaka yako yana msingi. Fundisho la katekista wenu ni la kale: karibu na mwaka 600, Papa Gregori Mkuu alimwandikia askofu wa Marseille akizitetea picha za makanisani kwa sababu asiyejua herufi huzisoma ukutani. Lakini ukuta wa kanisa huonwa na kila aingiaye, ilhali Ufafanuzi wa Beatus, mtawa wa Liébana kaskazini mwa Hispania aliyeuandika katika karne ya 8, ulinakiliwa kwa Kilatini juu ya ngozi na kutunzwa katika monasteri, mikononi mwa watawa ambao kusoma ilikuwa sehemu ya sala yao.

Utazame mpangilio wake. Beatus aliugawa Ufunuo katika vifungu. Kwanza huja maneno ya Yohana, kisha picha, kisha maelezo marefu yaliyokusanywa kutoka kwa walimu wa zamani, akiwemo Tyconius wa Afrika Kaskazini, ambaye ufafanuzi wake mwenyewe umepotea na sehemu kubwa ya tunachokijua juu yake tunakipata humu. Kwa hiyo mtawa alikuwa amekwisha kusoma habari za wapanda farasi wanne kabla ya kuwaona, na alikuwa amewaona, kwa rangi kali za manjano na nyekundu, kabla ya kuelezwa maana yao. Naona mpangilio huu ni wa hekima kubwa, kwa kuwa unamzuia msomaji kuyakimbilia maelezo kabla maono yenyewe hayajamgusa.

Maius, aliyechora nakala ya katikati ya karne ya 10 iliyoko sasa katika Morgan Library, New York, aliandika mwishoni mwa kitabu kwamba alichora ili wenye maarifa waogope hukumu ijayo. Wenye maarifa ndio aliowataja! Tena kazi hiyo iliheshimiwa: katika nakala ya mwaka 975 iliyohifadhiwa katika kanisa kuu la Girona, jina la Ende, mwanamke anayetajwa kuwa mchoraji na msaidizi wa Mungu, limeandikwa kabla ya lile la Emeterius, mchoraji mwenzake, aliyekuwa mtawa na padre.