Nimehama benki mara tatu Uingereza kwa ajili ya bonasi

Pauni 175 ziliingia nikiwa kwenye basi, natoka zamu ya usiku. Nilizitazama mara mbili nikidhani ni za mtu mwingine, kisha nikampigia shemeji yangu aliye Leicester, maana ndiye aliyekuwa akinisumbua tangu Krismasi: "Shem, benki zinagawa hela, we umelala tu." Miaka sita nilikuwa kwenye benki ileile niliyofungua akaunti nilipofika. Haikuwahi kunipa hata kalenda.

Kwa ambaye hajawahi kusikia, benki za huku hugombea wateja. Mara kwa mara moja au mbili hutangaza kwamba ukihamishia kwao akaunti yako ya matumizi watakupa pauni 100, 150, hata 200. Kilichonizuia muda wote huo ni hofu. Niliwaza mshahara utapotelea hewani, pango lisilipwe, umeme uniletee deni. Nimetoka mahali ambapo kufunga akaunti ni kupanga foleni, kujaza fomu na kuambiwa urudi Jumatatu.

Huku tangu 2013 kuna utaratibu mmoja wa kuhama, unaitwa Current Account Switch Service. Unaomba kwa benki mpya tu na kuchagua tarehe. Ndani ya siku 7 za kazi wao wenyewe wanahamisha salio, maagizo ya kudumu (malipo uliyopanga mwenyewe yajirudie) na zile dairekti debiti, yaani makato ambayo kampuni ya simu au ya umeme inajichukulia kwenye akaunti yako kwa idhini yako. Akaunti ya zamani inajifunga. Mwajiri akituma mshahara kwa namba ya zamani, unaelekezwa kwenye mpya, na hilo linaendelea kwa miaka 3 angalau. Kukitokea kosa katika kuhama ukatozwa faini, wanakurudishia. Na benki ya zamani huiagi wala hukutani nayo uso kwa uso, jambo ambalo kwa mtu mwenye haya kama mimi lina thamani yake.

Bonasi ya kwanza ilikwenda hivyo, laini kabisa. Ya pili ndiyo iliyonitia adabu.

Sharti lilikuwa kuhama na dairekti debiti mbili zinazofanya kazi, na kuingiza pauni 1,500 ndani ya siku 60. Nikahesabu simu, nikahesabu gym, nikaona nimetimiza. Kumbe gym ilikuwa inakata kwenye kadi. Tofauti yenyewe ni hii: dairekti debiti inashikilia namba ya akaunti yako, malipo ya kadi yanashikilia ile namba ndefu ya kwenye kadi. Utaratibu wa kuhama hauhamishi malipo ya kadi hata moja. Kadi ya zamani ikifa, yanakufa nayo. Bonasi nikaikosa. Nikapiga simu kulalamika, dada wa huduma kwa wateja akanisikiliza kwa upole wote, jibu likabaki lilelile.

Hilo la gym tena lilikuwa dogo. Programu ninayotumia kutuma hela nyumbani ilikuwa imehifadhi kadi ileile. Mama akapiga Alhamisi jioni: mdogo wangu amelazwa, hospitali inataka malipo ya awali. Nikabonyeza kama kawaida, imekataliwa. Nikarudia, imekataliwa. Kadi mpya ilikuwa ndani ya bahasha juu ya friji, sijaifungua wala kuiwasha. Hadi naiwasha, naisajili na hela zinatua kwenye M-Pesa ya mama, ilishafika usiku wa manane kwao. Hakuniuliza kulikoni, na hapo ndipo paliponiuma.

Kwa hiyo siku hizi kabla ya kuhama nakaa na taarifa za akaunti za miezi mitatu na kalamu, mstari kwa mstari: hiki kinakatwa kwenye akaunti, hiki kwenye kadi. Vya kadi navibadilisha mwenyewe siku kadi mpya inapofika. Taarifa za miaka yote pia nazipakua kabla akaunti haijafungwa, kwa sababu ikishafungwa, kuzipata ni kuandikiana barua.

Mara ya tatu nilitumia ujanja wa shemeji. Akaunti kuu huigusi. Unafungua nyingine ya bure pembeni, unaiwekea dairekti debiti mbili ndogo (mimi niliweka simu na mchango wa pauni 2 kwa mwezi kwa shirika la hisani), zikishakatwa mara moja au mbili unaihamisha hiyo. Tunaiita akaunti ya chambo. Pauni 1,500 nazitoa kwenye akaunti kuu, naziingiza kwenye mpya, kesho yake nazirudisha. Masharti mengi yanataka ziingie tu, hayasemi zilale. Ila yasome: mara nyingi hela inayotoka akaunti nyingine ya benki hiyohiyo haihesabiwi, na aliyewahi kupokea bonasi kwao huachwa nje.

Mara nyingi unapoomba akaunti, benki huchungulia rekodi yako ya ukopaji, na jicho hilo linaacha alama kwa Experian, Equifax au TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi hizo. Alama moja si neno. Tatu ndani ya miezi miwili zinakufanya uonekane una njaa ya hela. Kama unakaribia kuomba mkopo wa nyumba, achana kabisa na bonasi. Na ukikataliwa, usikimbilie benki nyingine kesho yake. Angalia kwanza kama umejiandikisha kwenye daftari la wapiga kura. Sisi tunaoishi hapa kihalali kutoka nchi za Jumuiya ya Madola tunaruhusiwa, na jina kuwemo humo huwasaidia kuthibitisha anwani yako. Wengi wetu hatujui.

Wapo wanaoniuliza kama bonasi hii ni riba. Mimi si sheikh, muulize wako. Ninachojua ni kwamba haihesabiwi kwa salio wala kwa muda hela zilizokaa.

Ya nne nimeiacha ipite, na ilikuwa pauni 200. Mke wangu yuko Tanga, maombi yake ya viza yanataka taarifa zangu za benki za miezi 6, na sitaki ofisa aone pauni 1,500 zikitoka na kurudi aanze kuuliza maswali. Chambo kipya kipo lakini. Kina pauni 11, na zile 2 za hisani zinakatwa kila tarehe 3.