Manukato ya ubani yenye ubaridi: vipimo na yanayoharibika

Mleta mada anauliza kwa nini mafuta yake ya ubani hayanukii kama ubani wa chetezoni, na achanganye nini apate harufu ya baridi inayotuliza.

Mkuu, mafuta ya ubani hayana moshi ndani yake. Hutolewa kwa mvuke, na mvuke hubeba vilivyo vyepesi tu. Ubani mwingi umejaa alfa-pinini, kemikali ya harufu ambayo ndiyo inayotawala pia kwenye msonobari. Kwa hiyo ubaridi unaoutafuta umo tayari. Wanaouua ni wale wanaokimbilia vanila na ambari ili harufu "ijae". Utamu ukiingia, baridi inaaga.

Kwa gramu 10 za manukato pima mafuta haya kwa gramu, kwa mizani ya 0.01 g: ubani 0.60, mwerezi 0.40, elemi (utomvu wa mti) 0.15, juniperi (mreteni) 0.15, manemane 0.05, vetiva (mizizi ya nyasi) 0.05. Vetiva ndiyo itakayokupa kivuli cha moshi, ikifika 0.15 utanusa udongo mtupu. Ongeza na labdanamu, utomvu wa kichaka: ni nzito kama lami, haipimiki ikiwa hivyo. Iyeyushe kwanza, sehemu 1 kwa 9 za alkoholi, kisha chukua gramu 1.00 ya mchanganyiko huo. Malizia na gramu 7.60 za alkoholi ya manukato ya asilimia 95 au zaidi. Usihesabu matone, kwa sababu tone la vetiva na tone la juniperi hayalingani uzito.

Ukitumia alkoholi ya asilimia 70 chupa itageuka maziwa: maji yanayakataa mafuta. Kuitikisa hakusaidii.

Funga, weka gizani wiki nne. Siku za mwanzo juniperi na elemi zitapiga kelele na utashawishika kuongeza kitu. Usiguse. Baadaye weka kwenye friji usiku mmoja, uchuje ikiwa bado baridi kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Nta na utomvu vilivyoganda vitabaki juu ya karatasi.

Mafuta ya ubani yaliyokaa wazi muda mrefu yasiende kwenye ngozi. Pinini ikishapigwa na hewa inaweza kuwasha na kuleta mzio, na harufu yake huwa kama ya rangi ya kupaka mbao. Hata yakiwa mapya, jaribu kidogo kwenye mkono na usubiri siku mbili.

Kuhusu utulivu: harufu hufika amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hisia, kwa njia fupi kuliko sauti au picha. Lakini dozi ndiyo inayoamua. Mipulizo miwili inatosha, mmoja kifuani chini ya nguo. Kwenye baridi mafuta huruka polepole, hivyo yatadumu ila hayatasambaa mbali. Pua ikishayazoea utadhani yameisha, nawe uongeze hadi jirani aumwe kichwa. Skafu nyeusi hushika harufu vizuri. Nyeupe iache, labdanamu itaiachia doa la kahawia.