Nguo za Kukimbilia Wakati wa Baridi Arusha: Anza na Ile Inayogusa Ngozi

Kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa kusi hurundika mawingu kwenye miteremko ya Mlima Meru, na mji wa Arusha, ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, huweza kumaliza asubuhi nzima katika manyunyu bila jua kuonekana. Msimu huo ukifika, wakimbiaji wengi ninaowafahamu hugawanyika: wapo wanaopumzika hadi Septemba, na wapo wanaotoka nyumbani na masweta mawili na koti la nailoni kana kwamba wanapanda Kibo. Mimi hukimbia Julai kama miezi mingine, kutoka Sanawari kupanda Ilboru na kurudi, na ushauri wangu ni kwamba nguo za baridi zipangwe kwa kulizingatia jasho, kwa kuwa kinachomtesa mkimbiaji huku ni nguo iliyolowa na kugandamana na mgongo kuliko hewa yenyewe.

Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Tisheti ya pamba hunywa jasho na kukaa nalo, ilhali poliesta hunyonya chini ya asilimia moja ya uzito wake, hivyo jasho husambaa juu ya kitambaa na kukauka upesi. Wakati wa kupanda Ilboru huwezi kuiona tofauti hiyo, kwa sababu mwili unafanya kazi kubwa na una joto la kutosha. Utaiona ukigeuza na kuanza kuteremka, pale misuli inapopunguza kazi, upepo unapoingia kifuani, na pamba iliyolowa inapoanza kukupoza kuanzia mabegani hadi kiunoni.

Kwa hiyo fedha na umakini viende kwanza kwenye nguo inayogusa ngozi. Jezi ya kawaida ya mpira, ya poliesta na inayobana kiasi, inatosha kabisa. Sufu laini ni bora zaidi kwa kuwa hutunza joto hata ikiwa na unyevunyevu, ila si rahisi kuipata. Mitumba ya soko la Kilombero hapa Arusha, au ya soko la Memorial kwa walio Moshi, ina kila kitu kwa mwenye subira ya kuchambua. Lebo ikiwa imekatwa, finya kitambaa ndani ya ngumi kwa muda kisha ukiachie: pamba hubaki na mikunjo, poliesta hunyooka. Koti la upepo nalo liweke mdomoni upulize. Pumzi ikipita yote halitakusaidia, na isipopita hata kidogo utapikwa na jasho lako mwenyewe. Tafuta linalopitisha kidogo, na liwe na zipu ya kufunguka hadi chini ili ulifunge kiunoni bila kusimama.

Kati ya jezi na koti watu huweka sweta jepesi la manyoya ya poliesta, la aina wanayovaa wagumu wanaobeba mizigo mlimani. Kwa maoni yangu, ndani ya mji sweta hilo halihitajiki asubuhi nyingi, labda kwa anayekimbia polepole sana au anayepanda kuelekea Olmotonyi. Joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100, na kwa kuwa Moshi mjini ni karibu mita 500 chini ya Arusha, mkimbiaji wa kule anaweza kuliacha kabatini hadi siku atakayokwenda Marangu au Machame. Kipimo ninachokitumia ni kuvaa kana kwamba kuna nyuzi 10 zaidi ya zile zinazoonyeshwa na simu. Ukijisikia vizuri kabisa ukiwa bado getini, umevaa kupita kiasi. Dakika za mwanzo zinapaswa kuwa na ubaridi.

Miguu haina makuu, bukta inatosha. Mikono na masikio ndiyo hulalamika, na glavu nyepesi pamoja na mzula huingia mfukoni ukishapata joto. Koti liwe la rangi inayong'aa, kwa kuwa mwezi Julai jua huchomoza baada ya saa kumi na mbili na nusu, na bodaboda hawamsubiri mtu. Mwenye pumu afunike mdomo kwa skafu na asiache dawa yake ya kuvuta nyumbani, kwani hewa baridi huweza kuiamsha. Wale wanaovaa nailoni makusudi ili watoe jasho na kupunguza tumbo wajue kwamba wanachopoteza ni maji, nayo yatarudi na glasi ya kwanza.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni nusu saa inayofuata. Mwili ukisimama huacha kuzalisha joto jingi, lakini jasho huendelea kukauka na kukupoza, kwa hiyo badilisha nguo ya juu kabla ya kunyoosha viungo na kabla ya mazungumzo, hasa kama utapanda daladala na kukaa karibu na dirisha. Hiyo ya kubadilishia hata ikiwa ya pamba haina tatizo.