Jibu: chati za ninayemdai nimezifuta, mtandao wanaweza kunitolea?

Habari mkuu, pole. Yaani umefuta chati za WhatsApp za jamaa unayemdai juzi, simu ni Android, unataka kampuni ya simu wakutolee. Hao hawana chati zako bana, wanabaki na rekodi ya nani kampigia nani, saa ngapi, kupitia mnara upi, na mnara unaonyesha eneo tu sio mlango wa nyumba.

Kama kesi inaenda mahakamani ishia hapa, izime simu umpe mtaalamu ikiwa ilivyo. Kama unazitaka tu, angalia kwanza bakapu (nakala ya akiba) ya ndani ya simu, WhatsApp inajihifadhi yenyewe kila usiku kama saa nane na mafaili yanakaa siku 7 hivi, so zima data na wifi sasa hivi, chomeka kwenye kompyuta, ingia Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases, kopi folda zima kabla hujagusa kitu. Mimi nilikurupuka nikaifuta programu kwanza, kuirudisha ikavuta bakapu ya Google ya jana yake ambayo chati hazimo tena, nilichoka! Unalotaka ni faili lenye tarehe ya kabla hujafuta, lile ambalo jina linaanza na msgstore (humo ndimo WhatsApp inaweka meseji), unalitoa tarehe kwenye jina ndo ukiirudisha programu inalisoma kama jipya. Meseji zilizoingia baada ya tarehe ya faili hilo zitapotea.