Jibu: Parker 51 ya mzee haivuti wino

Mkuu, umeuliza kwa nini hiyo Parker 51 ya mzee, kalamu ya wino ya kujaza, haivuti wino. Kama ukifungua pipa (mwili wake wa nyuma) unakuta kibano cha chuma cha kubinyia kifuko cha wino (aina iliyotoka 1948), usikimbilie kuipasua. Kifuko chake cha plastiki huharibika mara chache sana. Kilichoziba ni wino mkavu. Zamisha upande wa nibu (ncha ya kuandikia) usiku kucha kwenye maji ya baridi yenye tone 1 la sabuni ya vyombo, kisha bana na kuachia mpaka maji yatoke meupe. Maji ya moto na spiriti hapana, vinaweza kuharibu plastiki. Maji ya bomba hapa Arusha yana madini mengi, kwa hiyo suuza mwisho kwa maji ya betri, yale safi, siyo asidi! Ukijaza, bana mara 6, ukisubiri kidogo kila mara. Wino wa mihuri usitie kabisa: una gliserini, utaziba tena.