Usiibandike anwani hiyo kwenye /etc/hosts, hata kwa muda

Usiuandike mstari huo. Umesema programu ya duka hushindwa mara kwa mara kuipata seva ya hifadhidata kwa jina, ilhali dig (amri ya kuiuliza seva ya majina, yaani DNS, inayogeuza majina kuwa anwani) inaleta anwani sahihi kila unapoijaribu, na kwamba sasa unataka kuibandika anwani hiyo kwenye /etc/hosts, faili la mashine yenyewe linaloorodhesha majina na anwani zake, hadi wikendi ipite. Mimi, mkuu, niliwahi kuuandika mstari wa namna hiyo hiyo, na ulivuruga siku tisa za oda za mteja.

Aliyenishauri alikuwa mtaalamu tuliyemlipa kwa saa. Majina yalipogoma Ijumaa moja jioni, hakufungua faili lolote la mipangilio wala hakuuliza ni seva ipi ya majina iliyokuwa haijibu. Aliniambia tu nibandike anwani, kisha akatuma ankara. Mstari ule wa muda ulidumu kuliko mkataba wake.

Miezi mitatu baadaye tulihamishia hifadhidata kwenye mashine mpya. Nilijiandaa kama mtu anayeijua kazi yake: siku mbili kabla nilishusha TTL ya rekodi ya jina (muda ambao jibu huhifadhiwa kabla ya kuulizwa upya) kutoka sekunde 86400 hadi 300, usiku wa kuhama nikabadilisha rekodi, nikaendesha dig kwenye seva zote tatu za programu, zote zikanionyesha anwani mpya, nikaenda kulala. Seva mbili zilihama kweli. Ya tatu, yenye mstari wangu, iliendelea kuandika kwenye mashine ya zamani, ambayo tulikuwa tumeiacha ikiwaka kwa tahadhari, na kwa kuwa mashine ile ilipokea kila kitu kwa adabu, hakuna kosa hata moja lililoonekana kwenye logi. Mteja alipopiga simu siku ya tisa, namba zile zile za oda zilikuwa zimekwisha kutolewa kwa watu tofauti katika hifadhidata mbili. Kuziunganisha kulinichukua usiku sita, hata mke wangu akawaambia majirani kwamba nimepata kazi ya ulinzi.

Kwa haki, dig haikunidanganya. Niliiuliza swali lisiloihusu. Amri hiyo, sawa na nslookup, huiuliza seva ya majina moja kwa moja wala haisomi /etc/hosts. Programu yako hupitia maktaba ya C (msimbo wa mfumo ambao programu hutumia kutafuta majina), inayofuata mstari wa hosts katika /etc/nsswitch.conf, na mstari huo kwa kawaida hutanguliza files, yaani /etc/hosts, kabla ya dns, yaani seva za majina. Amri inayopita njia hiyo hiyo ni getent ahosts ikifuatwa na jina.

Kwa hiyo usiguse faili lolote kabla ya kuendesha getent na dig kwenye seva yenyewe yenye tatizo na kulinganisha majibu. Na kwa kuwa kosa lako huja na kuondoka, ziendeshe mara ishirini, si mara moja. Zikitofautiana, tazama /etc/hosts na nsswitch.conf. Zikishindwa zote mbili, fungua /etc/resolv.conf, faili linaloorodhesha seva za majina, uijaribu kila seva iliyotajwa humo peke yake kwa dig na alama ya @. Ukikuta 127.0.0.53, hiyo ni systemd-resolved, huduma ya ndani ya mashine inayopokea maswali ya majina, na seva halisi utaonyeshwa na resolvectl status.

Weka hapa majibu ya amri hizo mbili. Na kama mstari umekwisha kuuandika wakati nikiandika haya, ufute sasa, ukiwa bado unakumbuka ulipo.