Firigisi ya dereva: ya bibi yangu mhandisi, kwa ninyi mnaoanza kazi za maji

Wiki iliyopita ofisini kwetu wameripoti wahandisi wahitimu wanne, wawili kati yao wasichana. Mmoja akanisimamisha kwenye ngazi: "Dada, kitu gani nisikosee mwaka huu wa kwanza?" Gari lilikuwa linaningurumia, nikamjibu juu juu. Jibu lenyewe ni hili, na sehemu kubwa si langu. Ni la bibi yangu mzaa mama, tuliyemzika mwaka jana.

Bibi alisomea uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kitivo cha Uhandisi kikiwa bado kinanukia rangi. Kilifunguliwa mwaka 1973. Wasichana wa darasa lao, alikuwa akisema, wangepanda bajaji moja na kiti kikabaki. Alipomaliza akarudi Kanda ya Ziwa kwenye maji vijijini. Serikali ilikuwa imeanza mwaka 1971 mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji safi mita zisizozidi 400 kutoka kila kaya ya kijijini. Hesabu hiyo ya mita 400 ndiyo iliyompeleka porini na Land Rover, dereva mmoja wa makamo na kaunta buku.

Kijiji chake cha kwanza walichinjiwa kuku. Wenyeji wakamkalisha dereva kwenye kiti cha heshima, wakamwita Injinia, wakampa firigisi. Bibi wakamwonyesha jikoni waliko akina mama. Dereva alikuwa na njaa, akala. Bibi hakusema kitu, akaenda jikoni, akashika mwiko, na humo humo kwenye moshi akaambiwa jambo ambalo kikao cha nje hakikuligusa: pale mwenyekiti alipotaka kisima kichimbwe, maji hukauka ikifika mwezi wa tisa. Kila mwanamke mle ndani alilijua hilo, maana ndio waliokuwa wakiinamia shimo. Kisima kikachimbwa kwingine.

Sisemi mkubali kunyimwa firigisi. Bibi mwenyewe hakukubali. Kwa miaka yote tuliyokaa naye, kuku akichinjwa kwake Nyegezi firigisi ilikwenda kwa mjukuu wa kike aliyefanya vizuri shuleni, na wajomba wakikohoa anawapa chumvi. Ninachosema ni kwamba ukifika mahali, tafuta anayebeba ndoo. Mengine mwenyekiti atakueleza baadaye.

Sasa kaunta buku. Ameacha ishirini na moja, zote kwa penseli, kwa sababu wino ukilowa unakimbia. Kila ukurasa una saa, mahali, kipimo, waliokuwepo, na hali ya hewa. Hali ya hewa niliiona kama ushamba mpaka nilipoanza kufuatilia maji ya ziwa yanayobadilika. Siku za utulivu na jua kali mwani unatanda juu, na maji yenye mwani mwingi yanakula klorini kabla haijafika bombani kwa mtu. Kipimo cha klorini kisicho na habari ya upepo na jua ni nusu ya kipimo. Andika siku ile ile, ukiwa umesimama. Ukingoja urudi ofisini utaandika unachokumbuka, na unachokumbuka kina tabia ya kufanana na ulichotarajia.

Alitufundisha kupima tukiwa wadogo. Ndoo ya lita 20 chini ya koki, saa ya mkononi, mmoja anapiga kelele ikianza, mwingine ikijaa. Sekunde 40. "Haya, nusu lita kwa sekunde. Kwa saa nzima je?" Lita 1,800, na asiyejibu anaoga wa mwisho. Leo tuna vifaa vya kubandika juu ya bomba vinavyosoma mtiririko bila kulikata, lakini bado naweka ndoo kwenye gari. Mara mbili imewahi kukisuta kifaa.

Nije kwenye la kwangu, ambalo nalisimulia kwa shingo upande.

Mwanza ni mji wa vilima na mawe, mnauona. Kila mita 10 za kimo cha maji ni kama baa 1 ya presha, kwa hiyo nyumba iliyo mita 80 chini ya tenki inabeba karibu baa 8, tena saa za usiku ambapo koki zote zimefungwa na maji yametulia. Mchana watu wanachota, presha inashuka, bomba linapumua. Ndiyo maana mabomba mabovu hupasuka wakati mmelala.

Mwaka wangu wa kwanza tulilaza bomba kupanda mtaa mmoja wa mlimani. Kulipima ni kazi ya subira kuliko akili: unalijaza maji, unatoa hewa yote, unapandisha presha hadi mara moja na nusu ya ile ya kazi, unafunga, unakaa kuitazama geji. Mkataba ulitaka nikae dakika 120. Nilikaa 40. Wingu jeusi lilikuwa limeinuka upande wa ziwani, fundi mkuu akasema, "Injinia, mshale haujatikisika," nami nikajaza fomu: dakika 120.

Wiki ya tatu, usiku wa manane, kiungo kimoja kiliachia. Maji yalishuka na changarawe, yakaingia kwenye kibanda cha mama lishe, yakaondoka na gunia la mkaa na unga wa siku mbili. Hakuumia mtu. Asubuhi nilikwenda kwa Bibi nikiwa na hotuba ndefu juu ya ubora wa kile kiungo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Uliondoka saa ngapi pale?" Nikamwambia. "Fomu inasema saa ngapi?" Nikanyamaza. Akajimiminia chai. "Mwenye mkaa umeshamwona?"

Nilimlipa mama yule kutoka mfukoni, nikaandika barua kwa mkuu wangu kusahihisha fomu, nikapewa ya onyo. Naitunza kwenye droo.

Mengine kwa kifupi. Valvu kubwa ifunge taratibu, hesabu mizunguko. Maji yanayokwenda kasi ya mita 1 kwa sekunde kwenye bomba la chuma ukiyasimamisha ghafla, kishindo chake kinaweza kuongeza karibu baa 10. Msalimie mlinzi wa mtambo kabla ya bosi wake, na kama ni Msukuma mpe "mwangaluka" yake, ataanza kukueleza pampu ililia vipi usiku. Na usisaini kitu kwa sababu gari linasubiri.

Kabla hujachora chochote kando ya ziwa, nenda mwaloni, wanakotua wavuvi, ukawaulize wazee maji yaliwahi kufika wapi. Mvua za 1961 na miaka iliyofuata ziliinua ziwa kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964, na vijana wengi tuliosoma tuliliona hilo kama hadithi. Mei 2020 ziwa likarudi kwenye kimo kile kile cha 1964, likakipita kwa kiduchu. Bibi alikuwa amestaafu zamani, magoti mabovu, akinipigia simu kila asubuhi kuuliza kingo imefika jiwe gani.

Kitu kimoja kilimuuma mpaka mwisho: zile pampu za dizeli. Waliziweka vijiji vingi, kisha mafuta yakapanda bei mwishoni mwa miaka ya sabini, vita na Uganda vikaingia, vipuri vikaadimika, mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine. Akina mama wakarudi kwenye mashimo. Hakuwahi kusema ni kosa la vita. Alikuwa akisema, "Hatukuuliza nani atanunua mafuta."

Kwake kuna fremu ya mlango wa jikoni ambapo wajukuu tulipimwa urefu kila Desemba. Alituwekea pima maji kichwani, akasubiri kiputo kitulie katikati, ndipo akachora mstari na tarehe. Hakuna kujinyoosha kwa vidole vya miguu. Wake mwenyewe upo pia, wa mwaka nyumba ilipoisha.

Desemba yake ya mwisho aliniambia nimpime. Akavua kandambili, akaegemea fremu, nikaweka pima maji juu ya kitambaa chake. Sentimita 5 chini ya mstari wa zamani. Niliona, nikasogeza penseli juu kidogo.

"Mke mwenzangu," akasema bila kugeuka, "rudisha."